Fungu la Masouda

Atafu, Tokelau
9 Februari 2025

Shangazi yangu Mahbuba,

Shikamoo yako naiweka hapa juu kabisa, isije ikapotea njiani. Mimi mzima, nakula, nalala, na jua nalikimbia kama ulivyoniusia. Umesema simu huzitaki, sauti inakatika na sikio lako la kushoto halishiki, basi barua ndiyo hii. Itapanda meli mpaka Samoa, kisha ndege, na ikikufikia Maskati kabla Ramadhani haijakatika tutashukuru.

Najua majirani umewaambia nipo Nyuzilandi, bwenini, na wasichana watupu. Si uongo wote. Chuo ni cha Nyuzilandi na visiwa hivi vipo chini yao, ila chuo kimenituma huku kupima samaki mpaka mwezi wa nane, na huku, shangazi, ni mbali mpaka unaona aibu kuwataabisha watu wakulete. Uwanja wa ndege hakuna. Bandari hakuna. Meli inasimama nje ya mwamba, mnashushwa katika boti, na boti inangoja wimbi zuri liisukume ndani. Nilisoma kila sura ninayoijua. Ukisimama katikati ya kijiji unaona bahari kuu upande huu na bahari ya ndani upande ule, na mahala pa juu kabisa hapafiki dari ya ghorofa yetu.

Nimepangiwa kwa bibi mmoja mjane, anaitwa Sose. Huku wote Wakristo, Jumapili hata kuogelea hawaogelei, lakini alipoambiwa anayekuja ni Muislamu aliondosha picha zote katika chumba changu, kwa kuwa alisikia mahala fulani kwamba hatuswali penye picha. Hakuambiwa na mtu. Nimempenda siku hiyo hiyo.

Sasa sikia jambo lao. Wanaume wakirudi kuvua pamoja, samaki wote wanamwagwa ufukweni. Hakuna cha huyu kakamata wengi na huyu kakosa. Wapo wazee wagawaji, wanapanga mafungu ya kila nyumba kwa idadi ya watu wake. Mjane, mgonjwa, mtoto aliyezaliwa jana, wote wamo. Wanauita inati. Siku yangu ya pili tu fungu la Sose likaongezeka mkia wa jodari, wa kwangu mimi. Ukaja ndani ya pakacha, shangazi, pakacha hasa la makuti, kama yale unayonihadithia ya Unguja.

Mimi ni mtoto uliyenilea wewe, chombo cha watu siwezi kukirudisha kitupu. Nikatia tende zetu na kipande cha halwa, nikampelekea mgawaji mkubwa. Alipokea akaliweka kando. Nimeazimia kila wakinigaia niwarudishie kitu, wajue na sisi tuna mkono wa kutoa.

Msalimie kaka Marhoon, Mungu amsahilishie kazi za kiwandani Rusayl. Msalimie mkewe Ruba. Wasalimie majirani wote wanaodhani nipo bwenini, na yule paka wako mkorofi.

Mwanao,
Noof


Maskati
11 Machi 2025

Mwanangu Noof,

Marahaba, mama, marahaba na radhi. Barua yako imefika katikati ya mfungo. Nimeisoma kwanza peke yangu, kisha kwa sauti wakati wa kufuturu. Pale penye boti nilipapita. Hapana haja ya kila mtu kujua umeingia huko kwa kusukumwa na wimbi.

Sie wazima. Marhoon kanenepa. Ruba kajifunza kupika mkate wa ufuta. Mgumu, lakini tunakula na tunausifu. Umefanya vyema kurudisha pakacha na tende, wajue umetoka kwa watu. Wala usiwape zile zilizopondeka.

Umemsalimia kila mtu kwa jina lake mpaka paka, Masouda hukumtaja. Alikuwa anamimina uji, akaniuliza kama yumo katika barua. Nikamwambia yumo, kaandikwa ukurasa wa nyuma. Usinifanye niseme uongo nami nimefunga.

Na khabari kubwa ni yake huyo huyo. Kaposwa. Kijana anaitwa Bader, ana karakana ya magari huko Ghala, mtu wa sala, maneno hana. Kamuona Masouda alipofuatana na Marhoon kutengeneza gari. Mamake ni Bi Ghaliya, unamjua, tulikuwa majirani nao mtaa wa Hamriya zamani, watu wa Unguja kama sisi, ila wao huuliza nasaba mpaka ya kuku. Walikuja kabla ya mfungo, wanawake watupu, na abaya zao mpya. Nikawatolea kahawa na halwa. Wakauliza waliyoyauliza, nami nikawajibu vizuri, wakaaga vizuri. Wamesema tutawasikia baada ya Idi.

Masouda mwenyewe anamtaka. Kaniambia mara moja tu, anakunja nguo, akaona haya akajifanya anatafuta soksi. Namwombea, wallahi namwombea. Umri wake unakwenda na mimi sitokaa milele.

Funga vizuri, na kama samaki wana chumvi nyingi kunywa maji.

Shangazi yako,
Mahbuba


Atafu
10 Aprili 2025

Shangazi,

Nakutakia Idi njema ingawa imeshapita. Yangu nimeiswali peke yangu juu ya mkeka wa Sose. Alisimama mlangoni na sahani ya samaki wa kukaanga akaningoja nitoe salamu, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake, Krismasi njema ya kwenu. Nikacheka, halafu nikalia, akanishika bega tukala.

Kuna jambo limenitia aibu na naliandika sasa hivi kabla sijabadilisha nia. Ni lile pakacha. Ulisema nimefanya vyema. Sikufanya vyema. Barua yangu ilipoondoka tu nililikuta mlangoni, tende zote zimo, haijaliwa hata moja. Nikasema labda hawazipendi, nikatia biskuti na maziwa ya kopo. Likarudi vile vile. Nami kwa kichwa changu kigumu nikaongeza. Safari iliyofuata, watu waliokuwa wamekaa ufukweni waliponiona nakuja na chombo kimejaa waliinamisha macho, wakaanza kuzungumza mambo mengine.

Jioni ile Sose alinikalisha. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alinieleza kwamba zawadi mtu anamrudishia mtu baki. Fungu si zawadi. Wazee waliponitia katika idadi walikuwa wanasema huyu wetu, na mimi kila nikirudisha nilikuwa nawajibu kwamba si wao.

"Mgeni tunamlisha," akaniambia. "Wewe hatukukufanya mgeni."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Siku zote zile nilikuwa nawatukana watu na uso nimeukunjua, nadhani ndio adabu. Halafu Sose, ili kunipoza, akaniambia nimtajie watu wa nyumbani kwetu. Huku wakimjua mtu wanataka kuwajua na wa kwao. Nikamtajia shangazi Mahbuba, kaka Marhoon, wifi Ruba. Akauliza, basi? Nikasema basi.

Na meli iliyofuata ndiyo iliyoleta barua yako, umeandika Masouda hukumtaja. Sikumsahau, shangazi. Nilimruka. Masouda ni mtoto wa baba yangu, damu moja na mimi na Marhoon. Yumo nyumba ile tangu mamake alipofariki Makunduchi, na mimi nimewahesabu watu wa kwetu mara mbili, kwako na kwa Sose, na mara zote mbili nikamruka.

Wala si kwa chuki, ndiyo maana naona haya zaidi. Idi anashonewa gauni zuri kuliko langu. Akiumwa anapelekwa kwa daktari wa kulipia. Tunampa kila kitu, kama anavyopewa mgeni, na wageni wakija yeye yuko jikoni. Mama alipokuwa hai tuliogopa kumtia uchungu. Baba alioa mke wa pili kwa siri, tena muuza mihogo wa shamba asiye na ukoo wa kutajwa mbele ya watu, na sote tukakubaliana bila ya kukubaliana kwamba halizungumzwi. Mama ameshafariki. Sasa tunamwogopa nani?

Nisamehe kama nakosa adabu, lakini nakuuliza. Bi Ghaliya alipotaka kujua Masouda ni nani wenu, ulimjibu nini?

Noof


Maskati
13 Mei 2025

Noof,

Salamu. Sie hatujambo. Joto limeanza mapema, kiyoyozi cha sebuleni kimeharibika na fundi anasema kesho tangu wiki jana. Marhoon kazi nyingi. Ruba anatapika asubuhi, anasema ni mkate wake.

Bi Ghaliya kimya. Idi imepita, hakuna simu wala mtu. Nimekutana naye kwenye azaa, msiba wa watu huko Hamriya, akanipa mkono kwa adabu, kisha akageukia upande wa pili. Masouda haulizi. Anapiga pasi mpaka mataulo.

Suali lako nimeliona. Mimi nimekulea kwa mikono hii. Watu wazima waliposema msichana peke yake anakwenda wapi, mimi ndiye niliyesimama. Leo watu wa kisiwa wamekurudishia tende zako, na wewe unaniletea mimi mashitaka. Niliwajibu linalofaa. Marehemu wana siri zao, nami ndiye niliyeachiwa kuziweka. Usinifunze.

Kula vizuri.

Mahbuba


Atafu
9 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Idi ya kuchinja iwe ya kheri. Samahani kwa kiyoyozi na samahani kwa barua yangu, ingawa ya pili ningeiandika tena.

Hukunijibu, na kwa kutonijibu nimejua ulisema nini. Sikufunzi. Nina aibu yangu mwenyewe ya kushughulika nayo. Nilimwendea Sose nikamwambia nilihesabu vibaya, kwetu yupo na dada yangu. Akaniuliza jina lake, nikamtajia, akalirudia mpaka akalipata sawa. Kisha akauliza mbona sikumtaja mwanzo. Nilitafuta neno katika Kiingereza, nikatafuta katika Kiarabu na Kiswahili. Sikupata. Alinyanyuka akaenda kupika, akaniacha nimekaa pale pale.

Meli hii inachukua barua tatu. Moja yako hii. Ya pili ya Masouda mwenyewe, kwa jina lake juu ya bahasha, si ukurasa wa nyuma wa mtu. Ya tatu ya Marhoon, kwa sababu yeye ndiye walii wake. Baba ameshafariki, ami hatuna. Kama umewaambia watu kwamba Masouda si mtoto wa baba yetu Jaifar, basi msichana hana wa kumwozesha, itabidi akasimamiwe na kadhi kama mtu aliyeokotwa, naye kaka yake yupo chumba cha pili. Hilo ulilifikiri wakati unawatolea halwa?

Anamtaka Bader, shangazi. Kakwambia mara moja akaona haya, wewe mwenyewe umeniandikia. Nenda kwa Bi Ghaliya ukamwambie Masouda ni nani. Ningekwenda mimi, lakini meli yangu ni mwezi wa nane na mpaka hapo huenda kijana ameshatafutiwa mwengine.

Mwanao, hata ukikasirika,
Noof


Maskati
26 Julai 2025

Mwanangu Noof,

Marahaba. Sijui barua hii itakukuta huko au mtapishana juu ya bahari, lakini naiandika, maana ana kwa ana sitoweza. Kiyoyozi kimetengenezwa. Ruba haikuwa mkate, ana mimba, alhamdulillahi, usiwaambie watu bado. Khabari nzuri nimezitanguliza ili nisije nikakosa nguvu ya kuzisema.

Suali lako nalijibu. Bi Ghaliya aliniuliza, huyu msichana ni nani wenu? Nikasema ni mtoto wa jamaa zetu wa shamba, yatima, tumemlea kwa thawabu.

Nimeyasema hayo Masouda kasimama mbele yangu na sinia ya vikombe.

Hakutikisika. Aliwamiminia wageni wote mmoja mmoja, akaanzia kwa Bi Ghaliya, na mimi akanimiminia mwisho, akanipa kikombe kwa mkono wa kulia na wa kushoto kauweka kifuani, kama nilivyomfundisha. Nikakinywa. Hilo ndilo nililokuficha. Jibu lenyewe nilijua utalikisia, lakini kwamba alikuwepo na mimi nikaendelea kusema, hilo mkono ulikataa kuliandika. Tangu siku ile hatukulizungumza, yeye wala mimi. Namuona anapiga pasi, napita.

Barua zako tatu zimefika siku moja. Yake sijui umemwandikia nini na sikuuliza. Kaisomea chumbani, kisha akatoka, akaja akakaa sebuleni katika kochi kubwa. Miaka yote hii sijapata kumuona akikaa pale. Alikaa tu, mikono mapajani. Marhoon naye alikuja juu. Kaniuliza mbele ya mkewe nani kanipa haki ya kumfuta mtu katika watoto wa babake. Nikataka kumwambia kwamba na yeye miaka yote alikuwa anatazama na kunyamaza, kisha nikaona si wakati wa kutafuta mwenzangu wa kugawana naye lawama.

Nikavaa, nikamwambia anipeleke kwa Bi Ghaliya. Garini nilikuwa nayakariri maneno, na kila taa nyekundu nikiomba isigeuke. Kahawa yake nikaikataa, maana ningeipokea ningezungumza joto na bei ya samaki, halafu ningeaga. Nikamwambia, "Masouda ni mtoto wa ndugu yangu Jaifar, wa ndoa ya halali. Siku ile nilikudanganya."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu, Noof. Nilijitayarisha anicheke, aniulize mama mtu ni kabila gani, aniambie hawaozi huko. Akanitazama kwa huruma tu.

"Tulijua siku ile ile," akasema. "Msichana ana uso wa Jaifar, nami Jaifar nilimjua tangu Hamriya. Hatukunyamaza kwa sababu yake. Tulinyamaza kwa sababu yako. Nilimwambia Bader, watu wanaomkana mtoto wao naye anawasikia, na wajukuu zangu watawakana."

Miezi yote hii nilikaa nyumbani nikidhani wanaiuliza nasaba ya Masouda kwa watu. Nikiwalaani kimoyomoyo kwa kibri chao. Nikainamisha kichwa katika sebule ya mtu mwengine, umri wangu huu. Kasema Bader hakuwahi kumwacha, kila siku anauliza, yeye mama ndiye aliyemzuia mpaka aone kama mimi nitarudi. Kwa hivyo furaha ya yule mtoto aliyeifunga ni mimi, si mwengine, na asingejua hata kwa nini.

Nikaha imefungwa jana, Ijumaa, baada ya alasiri. Marhoon kamwozesha, kalitaja jina zima, Masouda binti Jaifar, kwa sauti mpaka sisi wanawake ndani tukasikia. Wageni wakanigeukia. Wakauliza, nami nikawajibu kila aliyeuliza, ndiyo, wa kaka yangu, ndiyo, wa Makunduchi, ndiyo, nilikuwa nikificha. Wengine wamefurahi kupata la kuzungumza njiani. Acha wazungumze.

Jioni kabla hajachukuliwa na mumewe nikaingia chumbani kwake. Nikamwomba radhi. Sikumtaja marehemu yeyote kujikinga, nimemwambia nimekukosea mimi Mahbuba. Akanibusu mkono akanibusu na kichwa, akasema kanisamehe tangu zamani, na namwamini, hana uongo yule. Nikataka na zaidi. Nikamwambia basi kuanzia leo niite shangazi. Unajua ananiita Bi Mahbuba, kama wanavyoniita majirani, na mimi katika miaka yote sikupata kumuuliza kwa nini.

Alijaribu, Noof. Nimeuona mdomo wake unajaribu. Akaona haya, akacheka kidogo, akanishika mkono asije akaniumiza.

"Ulimi haujazoea, Bi Mahbuba," akasema.

Kisha wakamwita, akaondoka.

Shangazi yenu,
Mahbuba